Jina kwa Penseli

Dokta Ng'washi alizipanga hojaji zangu kumi mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika mihogo. Alipomaliza alivua miwani, akazitazama tena bila miwani.

“Mama Ira,” akasema, “hawa watu kumi ni mtu mmoja.”

Irankunda, binti yangu wa miezi minane, alikuwa mgongoni kwenye mbeleko, akinyonya ncha ya kitenge. Nilimpandisha juu kidogo, nikainama kuzitazama zile karatasi, ingawa nilikuwa nazijua zote. Mshiriki wa kwanza alizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Wa pili, tarehe moja mwezi wa kwanza. Wote kumi, wanaume kwa wanawake, walizaliwa siku ya mwaka mpya. Wote walipiga kura kwenye uchaguzi wa serikali ya kijiji mwezi wa kumi na moja. Swali la mwisho liliuliza kama kuna jambo lolote linalowazuia kushiriki. Wote walijibu hakuna, na watatu wakaongeza kwamba wanaishukuru serikali.

“Kijiji kizima kimepiga kura, hakuna hata aliyeumwa na jino?”

“Ndivyo walivyoniambia, Dokta.”

“Na wewe uliyezaliwa hapohapo uliwaamini.”

Dokta Ng'washi si mkali. Ukimzoea utajua kwamba akinyamaza anakupa nafasi ya kujiaibisha mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa, nasoma jioni na Jumamosi kwenye kituo cha chuo hapa Tabora mjini, na utafiti ule ndio uliobaki kati yangu na joho. Nilikuwa nauliza kwa nini wazee wa kwetu Ulyankulu, waliotoka Burundi zamani na kupewa uraia, hujiandikisha wengi lakini siku ya kura huonekana wachache. Majibu niliyoleta yalisema tatizo hilo halipo.

“Nakupa nafasi moja,” akasema. “Niletee watu watano tu. Lakini wawe watano kweli, kila mmoja na mdomo wake, na kila mmoja aweke jina au dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Na angalau mmoja wao awe amejiandikisha, halafu siku yenyewe asipige. Bila huyo huna utafiti. Mwisho ni tarehe thelathini. Ukikosa, utasubiri mwakani.”

Mwakani. Niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, nikarudi darasani nina miaka kumi na tisa, darasa la jioni nyuma ya kanisa, tukikalia mabenchi ya watoto wa chekechea, magoti yamegusa kidevu. Kidato cha nne na cha sita nilivifanya hivyo. Mtihani wa mwaka wa pili wa chuo niliufanya tumbo limefika kwenye meza kabla ya mikono. Mume wangu, Masele, kazi yake ya reli iko Usoke na huja nyumbani Itetemia, hapa mjini, mwisho wa juma, basi mtoto, nyumba na vitabu ni mimi. Nilikuwa nimeyapanga maisha yetu yote kuanzia siku ya joho. Mwaka mwingine ningeumaliza, sisemi nisingeumaliza, lakini nilikuwa nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki.

Niliporudi nyumbani jirani yangu Recheli alikuwa kibarazani anachambua mchele. Tangu aliposikia ninachosoma huniita Mheshimiwa.

“Mheshimiwa, bomba letu litatoa maji lini?”

“Bado nipo kwenye vikao,” nikamwambia, na nikaingia ndani kabla hajaniona uso.

*

Siku niliyomwambia baba kwamba nimechaguliwa kusoma sayansi ya siasa, alikuwa ananoa kisu. Aliendelea kunoa mpaka kisu kikawa hakidai tena kunolewa.

“Ualimu haupo?” akauliza.

“Upo, baba.”

“Basi.”

Hakulisema tena. Baba yangu, Aleksi Nibizi, ni mtu wa maneno machache, na nyumbani tumezoea kuyahesabu maneno yake kama mvua za mwezi wa tisa. Kila nilipofika likizo aliniuliza habari za mtoto, habari za Masele, habari za njia. Habari za masomo, kamwe.

Mimi niliyachagua masomo yale kwa sababu ya mfuko wa plastiki. Kwetu kila nyumba inao, umefungwa mafundo mawili, unakaa chini ya godoro au ndani ya sanduku, na ndani yake kuna karatasi zote za maisha: kadi za zamani, ubatizo, na siku hizi cheti cha uraia. Nilikuwa msichana mkubwa tulipopewa vyeti. Nilimwona mama akikisoma chake, akakirudisha kwenye mfuko, akafunga mafundo mawili yaleyale. Nikajiuliza, karatasi imefika, lakini uraia wenyewe utamfikia lini? Swali hilo lilinikaa. Nilipokutana nalo darasani, kwa maneno marefu zaidi, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake mjini.

*

Basi la Ulyankulu lilinishusha kwetu Ijumaa, kabla ya saa sita. Vijiji vyetu wengi bado tunaviita kwa namba za barabara zilizochongwa msituni wakati wazee walipofika. Sisi ni Barabara ya Tisa. Ulikuwa mwezi wa tano, tumbaku imeshakaushwa kwenye mabani, vibanda vya kukaushia kwa moto, na kila nyumba ilikuwa inachambua majani kwa madaraja kabla ya siku ya soko. Harufu yake tamu na kali hukupokea kabla ya watu.

Mama yangu, Paskazia, alimpokea mjukuu kwanza, kisha mkoba, mimi mwisho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Juli. Umekuja tena na ule ubao wako?”

Alimaanisha ule ubao mdogo wa kubania karatasi. Safari ya kwanza nilikuwa nimeuleta, pamoja na sketi nyeusi, viatu vya kufunika, na barua yenye mhuri wa chuo. Nilipita nyumba hadi nyumba. Kila nilipoingia, mzee alinikaribisha kwa furaha, akaniona nimetoa ubao, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo za kanisani na mfuko wa plastiki mkononi. Mzee Ndayiragije, aliyekuwa akinibeba mabegani nikiwa mtoto, alinijibu maswali yote amesimama wima. Nilicheka moyoni nikaona ni heshima kwa chuo.

“Ubao nimeuacha mjini,” nikamwambia mama.

“Basi vua viatu, njoo tuchambue.”

Bandani walikuwa wanne. Mama, baba, Mzee Ndayiragije, na shangazi Adelina, jirani yetu wa upande wa kisima. Hapa tunasaidiana, leo wanachambua kwa baba, Jumatatu kwa Adelina. Baba alikuwa mbali kidogo karibu na mlango, kwenye mwanga, kwa sababu yeye ndiye mwenye jicho la rangi. Jani la rangi ya ndimu huku, la rangi ya chungwa huku, lenye doa kule. Nilimsalimu, akaitikia, akanyoosha mikono apewe Irankunda. Alimweka kwenye mapaja akaendelea kuchambua kwa mkono mmoja.

Tulifanya kazi kama saa nzima tukizungumzia mvua na bei ya mbolea. Mwishowe nikasema, bila kumtazama mtu, kwamba utafiti wangu umekataliwa.

“Kwa nini?” akauliza Adelina.

“Kwa sababu mmenijibu wote kwa mdomo mmoja.”

Mzee Ndayiragije akakohoa. “Tulikujibu vizuri.”

“Mlinijibu vizuri mno, babu. Shangazi, wewe uliniambia ulipiga kura. Siku ile si ulikuwa Kaliua kwa binti yako aliyejifungua?”

Adelina akaangusha jani. “Kwani mwenye kuuliza ulikuwa wewe?”

“Si ulinikumbatia mlangoni, shangazi?”

“Nilimkumbatia Juli. Ubao ulipotoka Juli akaondoka, akabaki mtu wa takwimu. Jina la baba yako nani. Umezaliwa wapi. Umeingia nchini mwaka gani. Mko wangapi nyumbani. Mtu wa hivyo hajibiwi, mwanangu. Unampa anachotaka ili aende.”

Mama akasema, “Miaka yote ndivyo tulivyoulizwa, na kwa mpangilio huohuo. Mimi nilipoona swali la kwanza nikajua na la mwisho.”

Nilihisi aibu ikipanda mpaka masikioni. Maswali yale niliyaandika mimi mwenyewe, jioni tatu, nikijisifu kwamba ni kamili. Kumbe nilikuwa nimewapelekea karatasi ileile iliyowafuata tangu mpakani, na aliyeishika safari hii ni mtoto wao.

“Basi niambieni kama Juli,” nikasema.

Ndipo mambo yakatoka. Adelina hakujiandikisha wala kupiga kura, mara hii wala mara iliyopita, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mjane anaweza kwenda peke yake. Alidhani kura ni ya nyumba, kama jembe la ruzuku. Mama alipiga, ila alimpigia mgombea ambaye mke wake huimba naye kwaya, na hakuona kosa lolote hapo. Mzee Ndayiragije alituacha hoi.

“Mimi nilipiga,” akasema, “na niliwapigia wote wawili.”

“Wote wawili vipi, babu?”

“Niliweka tiki kwa huyu, nikaweka tiki kwa yule. Huyu nilimzika baba yake. Yule alinisaidia kujenga bani. Sasa nimwache nani? Watajuana huko mbele.”

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. “Babu, kura yako imeharibika.”

“Haijaharibika. Imejaa.”

Niliwaeleza karatasi ya ridhaa ni ya nini: kwamba inasema wamekubali kuzungumza na kwamba wanaweza kukataa hata kesho. Hilo la kukataa liliwashangaza. Adelina aliuliza mara mbili, “Nikisema sitaki, hakuna anayekuja?” Nikamwambia hakuna. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalitazama. “Basi nataka,” akasema. Mama akaweka jina lake, na Mzee Ndayiragije akaweka lake, kisha akatuma mtu amwite mkewe naye aseme yake na aweke, asije akasema ameachwa nje.

Wakawa wanne. Kila mmoja na mdomo wake.

“Namtafuta mmoja tu sasa,” nikasema. “Aliyejiandikisha, siku yenyewe asipige.”

Mzee Ndayiragije alichukua jani, akalinusa, akaliweka kwenye fungu lisilo lake. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni.

“Muulize mwenye tumbaku.”

Baba hakuinua kichwa. Irankunda alikuwa amelala mapajani pake, jani moja la rangi ya ndimu ameling'ang'ania kwenye ngumi. Baba alikuwa anajaribu kulitoa taratibu bila kumwamsha.

Jumamosi nilizunguka mpaka Barabara ya Kumi. Kila niliyemuuliza alisema ama alipiga kura, ama hakujiandikisha kabisa. Jumapili mchana Masele angekuja kutuchukua.

*

Jumapili baada ya misa baba aliniambia, “Nisindikize shambani.” Hakuna mtu anayekwenda shambani Jumapili. Nikachukua kanga nikamfuata. Mtoto alimbeba yeye, begani.

Hatukwenda shambani. Tulisimama kwenye shule ya msingi, mbele ya ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu. Pale palikuwa bado na mabaki ya karatasi, jua limekula maandishi, pembe moja imebaki na gundi. Ndipo ilipobandikwa orodha ya wapiga kura.

“Nilijiandikisha,” baba akasema. “Mama yako hakujua. Alidhani nimekwenda kwa fundi baiskeli. Mzee Ndayiragije tu ndiye aliyeniona.”

Niliigusa ile pembe ya karatasi.

“Siku ya kura nilivaa koti. Nikafika hapa, watu wanasoma kwa kidole. Na mimi nikasoma kwa kidole. Nikajikuta. Namba arobaini na saba.”

“Halafu, baba?”

“Halafu nikarudi nyumbani.”

Alimhamisha Irankunda bega la pili.

“Mwaka wa sabini na mbili, huko Burundi, nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu mkubwa alikuwa sekondari, bweni, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Mama alinituma nimpelekee maharage. Nikakuta orodha mlangoni mwa shule. Nilikuwa najua kusoma, Juli, nilikuwa najivuna kwa hilo. Nikasoma kwa kidole. Jina lake lilikuwamo. Nikakimbia njia yote kurudi kumwambia mama kwamba amefaulu.”

Upepo uliinua ile pembe ya karatasi, ukaiacha.

“Kesho yake gari lilipita chini ya kilima chetu na wanafunzi nyuma. Nilimpungia mkono. Naye akapunga. Hakuna aliyerudi.”

Alimshika Irankunda mguu, akasema, “Ulipojifungua nilikuomba nimpe jina mimi. Wewe na mumeo hamkuniuliza kwa nini, mkanipa tu. Lilikuwa la kaka yangu.”

Nilimtazama binti yangu begani kwa baba, mate yake yanatiririka kwenye koti la kanisani. Nilikuwa nimeliita jina lile tangu siku aliyozaliwa, kwa kumbembeleza, kwa kumgombeza, na kila nilipoliita baba yangu alikuwa akisikia watu wawili. Nilishika mkono wake. Kwetu binti mkubwa hamshiki baba mkono hivi hivi, ila yeye hakuutoa.

“Wewe unaandika hayo?” akauliza.

“Ukisema nisiandike, siandiki.”

“Na chuo?”

“Nitasubiri mwakani.”

Nilisema hivyo, na wakati nasema nilijua ni kweli, na niliogopa kwa sababu ilikuwa kweli. Baba alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama jani lisilojulikana ni la fungu gani.

“Hicho unachosoma,” akasema, “ndicho kinachouliza mambo ya namna hii? Kwamba mtu alirudi nyumbani kwa nini?”

“Ndicho, baba.”

“Nilidhani ni ile siasa nyingine.”

Tuliketi kwenye ngazi za darasa. Nikatoa karatasi ya ridhaa. Nikamweleza kwamba si lazima jina. Chuo kinaruhusu namba kwenye ripoti. Ataitwa Mshiriki Namba Tano, hakuna atakayemjua.

“Namba nimeshakuwa nayo,” akasema. “Kwenye kadi ya posho. Kwenye blanketi. Hapana.”

“Basi dole gumba.”

“Najua kuandika.” Akafikiri. “Una penseli?”

Nilikuwa nayo moja, fupi, ya kuandikia pembeni mwa vitabu.

“Niandike kwa penseli. Mwalimu wako aone. Akishaona, urudi nayo hapa, na raba. Tuifute mimi na wewe.”

Nikamwahidi. Aliiweka karatasi kwenye goti. Ilimchukua muda mrefu. Sikuwahi kumwona baba akiandika jina lake. Mambo yote ya karatasi nyumbani aliyafanya mama. Herufi zake zilikuwa za darasa la tatu, nzuri, za duara, zimekaa juu ya mstari kama watoto kwenye benchi. *Aleksi Nibizi.* Sehemu ya tarehe ya kuzaliwa nilimjazia mimi kwa penseli hiyohiyo, kwa mazoea: tarehe moja, mwezi wa kwanza, ile makarani waliyowaandikia wazee wetu wote.

*

Dokta Ng'washi alisoma kurasa zangu zote nikiwa nimesimama, Irankunda akimvutia kamba ya miwani. Kwenye ukurasa wa baba alisimama mahali pamoja kwa muda.

“Hawa ni watano,” akasema hatimaye.

Alipofika kwenye karatasi za ridhaa alinyanyua ile ya penseli kwenye mwanga. Nikamweleza ahadi yangu. Nilitegemea aseme haikubaliki. Alichukua kalamu yake, akasaini chini kwamba ameiona, akanirudishia.

“Karatasi za ridhaa hukaa na mtafiti. Ukikaa nazo ni zako kuzitunza.” Kisha akaongeza, “Msalimie mshiriki.”

Utafiti ulipita kabla ya tarehe thelathini. Mwezi wa saba, siku nilipokwenda kwetu kuwaambia wazazi tarehe ya mahafali, nilibeba ile karatasi ndani ya kitabu, na raba mpya niliyoinunua stendi. Mama alipiga vigelegele mpaka Adelina akaja mbio akidhani ni harusi. Baba alisubiri wote waingie ndani. Akaniita kibarazani.

“Umekuja nayo?”

Nikamtolea. Alivuta kigoda karibu na mwanga, akaiweka karatasi gotini, akaifungua ile raba kwenye nailoni yake. Irankunda, aliyekuwa anajifunza kusimama, alikuwa ameshika goti lake la pili. Nilikaa chini pembeni nisubiri. Nilikuwa nimejiandaa, jina ni lake, na ahadi ni ahadi.

Baba alisoma kwa kidole. Kidole kikapita juu ya jina lake, kikakaa hapo, kikaendelea, kikateremka mstari wa pili. Hapo akaanza kufuta, taratibu, akipuliza vumbi la raba lisimwingie mtoto machoni. Nilipochungulia nikaona jina liko palepale, na herufi zake zote za duara. Kilichofutika ni tarehe moja mwezi wa kwanza.

“Hii siyo,” akasema. “Mama alisema nilizaliwa maharage yanatoa maua. Andika.”

“Nafasi ni ndogo, baba. Ni ya tarakimu.”

“Andika pembeni.”

Nikachukua penseli. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kwenye kitabu changu, akachomoa kalamu ya wino, akanipa hiyo.